Kocha akienda retreti: huzuni ya mashabiki wa kabumbu na yale yanayofuata

Jumatano tarehe 8 mwezi wa tano 2013, timu ya Manchester United ya Uingereza ilitangaza kwamba kocha wake, Alex Ferguson, anastaafu mwisho wa msimu. Mzee alikuwa na miaka 71. Alikuwa ameshika ile timu tangu tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 1986, njo kusema miaka 26 na nusu. Siku ile, soko la hisa la New York lilipofunguka, bei ya hisa za Manchester ilianguka, maana wenye pesa waliogopa. Lakini walioumia zaidi hawakuwa na hisa hata moja. Walikuwa mashabiki, wa Manchester kwenyewe na wa mbali, mpaka huku kwetu mashariki mwa Congo, ambako jezi nyekundu ya United inavaliwa sokoni, shambani na juu ya pikipiki.

Habari ya namna hii inarudi kila baada ya miaka fulani. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Arsène Wenger wa Arsenal. Mwaka 2024, Jürgen Klopp wa Liverpool. Na zamani, mwaka 1974, Bill Shankly, wa Liverpool vile vile. Kila mara watu wazima wanatoka machozi juu ya mtu ambaye wengi wao hawajawahi hata kumpa mkono. Na kila mara kuna wale wanaocheka: "Mutu hajakufa, munalia nini?"

Makala hii inaeleza huzuni ile inatoka wapi na inapita njia gani. Inaeleza pia juu ya nini inafaa tuiangalie vizuri: mashabiki wakikosa nafasi ya kumuaga mzee wao kwa heshima, mara nyingi hasira yao inaangukia yule anayekuja nyuma yake.

Kocha anakuwa kalenda

Wachezaji wanapita. Mmoja anauzwa, mwingine anavunjika mguu, mwingine anazeeka akiwa na miaka 34. Makocha wengi nao wanapita, tena mbio kuliko wachezaji. Kocha akikaa miaka kumi, kumi na tano, ishirini, watu wanaanza kuhesabu maisha yao kwa yeye. "Nilioa mwaka ule tulichukua makombe matatu." "Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa msimu ule hatukupoteza mechi hata moja."

Tuangalie Ferguson. Alipofika, Manchester United ilikuwa haijapata ubingwa wa Uingereza tangu 1967. Miaka yake ya kwanza ilikuwa migumu. Mwezi wa kumi na mbili 1989, shabiki mmoja alinyanyua kitambaa uwanjani, akiandika kwamba miaka mitatu ya visingizio inatosha, mzee aende. Msimu ule timu ilimaliza ya 13. Lakini katika mwezi wa tano 1990 ikachukua Kombe la FA, na mwaka 1993 ikapata ubingwa wa kwanza baada ya miaka 26. Alipoacha kazi, alikuwa amechukua ubingwa wa Ligi Kuu mara 13, Kombe la FA mara 5, na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara 2, mwaka 1999 na 2008. Kwa jumla, makombe 38.

Sasa tupime ile miaka kwa kalenda ya kwetu. Ferguson alipoanza kazi, inchi yetu iliitwa Zaire na Mobutu alikuwa rais. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Goma na Bukavu. Mwaka 1996 vita ya AFDL ilianza. Katika mwezi wa tano 1997 Mobutu alianguka, Laurent-Désiré Kabila akashika utawala, jina la Congo likarudi. Mwaka 1998 ilikuja vita nyingine, na pesa mpya, franka. Mwezi wa kwanza 2001 Kabila aliuawa, mwana wake Joseph akamfuata. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya mji wa Goma. Mwezi wa kumi na moja 2012, M23 waliingia Goma. Katika miaka ile yote watu walikimbia, walizika, walijenga upya, wakakimbia tena. Na siku ya mechi, kwenye benchi ya Manchester, alikuwa amekaa mzee yule yule, anatafuna chingamu, anaangalia saa yake.

Kijana aliyezaliwa hapa kwetu mwaka 1990 alikuwa amejua, mpaka 2013, marais watatu na pesa za namna tatu: zaire, zaire mpya na franka. Kocha wa Manchester alijua mmoja tu. Ndiyo maana si haki kumcheka alipoumia. Kati ya vitu vyote vya maisha yake, kile kilikuwa kimoja ambacho hakijawahi kuhama, nacho siku ile kikahama.

Kwanza watu wanakataa

Habari inapotoka, mashabiki wengi wanaanza kwa kukataa. Mfano unaojulikana sana ni wa Bill Shankly.

Shankly, Muskoti, alishika Liverpool katika mwezi wa kumi na mbili 1959, timu ikiwa divisheni ya pili. Aliipandisha mwaka 1962. Akachukua ubingwa wa Uingereza mwaka 1964, 1966 na 1973, Kombe la UEFA mwaka 1973, na Kombe la FA mwaka 1965 na 1974. Lile la mwisho alilipata kwa kupiga Newcastle mabao 3 kwa 0, katika mwezi wa tano. Timu ilikuwa na nguvu, yeye mwenyewe alikuwa na miaka 60, hakuna aliyewaza kitu. Tarehe 12 mwezi wa saba 1974 akatangaza kwamba anaacha.

Mwandishi wa habari wa televisheni aliingia barabarani Liverpool na kuwaambia wapita njia ile habari. Picha zake zingali zinaonyeshwa mpaka leo. Kijana mmoja anamwangalia mwandishi na kufikiri anamchezea. Wengine wanamuuliza mara mbili, mara tatu, kama ni kweli. Unaona uso wa mtu unabadilika mbele ya kamera, sawa vile mtu anayepigiwa simu usiku.

Kukataa kule kunatoka wapi? Kocha wa muda mrefu anawazoesha watu kumwona kama mlima. Mlima hauagi. Timu ikipoteza, mashabiki wanasema, "Mzee atapanga." Mchezaji mkubwa akienda, wanasema, "Mzee atatafuta mwingine." Wamemwachia wasiwasi wao wote kwa miaka. Siku anapoenda, wasiwasi ule unarudi kwao, wote mara moja.

Namna tatu za kuaga

Hapa kwetu tunajua kazi ya kilio. Watu wanakuja, wanakaa, wanaimba, wanachanga, wanasimulia mambo ya marehemu, mengine ya kuchekesha. Kisha siku inafika, kilio kinaisha, kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Maumivu hayajaisha, lakini yamepata mahali na yamepata siku. Kwenye kabumbu, mechi za mwisho za kocha zinafanya ile kazi. Makocha watatu wa Uingereza wanaonyesha namna tatu tofauti.

Ferguson aliaga akiwa juu. Timu yake ilikuwa imekwisha kuchukua ubingwa tarehe 22 mwezi wa ine 2013, ubingwa wa 20 wa klabu, na ilimaliza na pointi 11 mbele ya Manchester City. Alieleza kisha kwamba jambo moja lililomsukuma lilikuwa la nyumbani: mke wake alikuwa amefiwa na dada yake, na yeye aliona mke hawezi kubaki peke yake. Jumapili tarehe 12 mwezi wa tano, Old Trafford, Manchester ilipiga Swansea 2 kwa 1. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni mechi ilipoanza. Kisha mzee akashika mikro katikati ya uwanja. Aliwakumbusha watu kwamba wakati alipokuwa na shida, klabu, wafanyakazi na wachezaji walisimama naye. Akawaambia kwamba kazi yao sasa ni kusimama na kocha mpya. Juma moja nyuma, tarehe 19, akacheza mechi yake ya 1500 na Manchester, ikaisha 5 kwa 5 kwa West Bromwich Albion. Kuaga kulidumu siku kumi na moja tu.

Wenger aliaga akiwa amechoka, na nyumba yake ikiwa imegawanyika. Mfaransa huyu alianza kazi Arsenal tarehe 1 mwezi wa kumi 1996, akitoka timu ya Nagoya huko Japani. Waingereza wengi hawakumjua. Alichukua ubingwa mwaka 1998, 2002 na 2004, ule wa tatu bila kupoteza hata mechi moja ya ligi, na Kombe la FA mara 7. Katika Afrika watu walimpenda kwa sababu nyingine pia. Kanu wa Nigeria, Lauren wa Kameruni na Kolo Touré wa Ivory Coast wote walikuwa wake. Na mbele ya kufika Uingereza, akiwa Monaco, ni yeye aliyemleta George Weah Ulaya mwaka 1988. Mwezi wa nane 2018, Weah akiwa rais wa Liberia, alimpa nishani ya juu ya inchi yake.

Lakini baada ya 2004 ubingwa haukurudi. Mashabiki wakagawanyika kati ya "abaki" na "aende". Tarehe 18 mwezi wa tatu 2017, kwenye uwanja wa West Bromwich, ndege mbili ndogo zilipita juu ya mechi moja. Moja ilivuta kitambaa cha kumfukuza, ingine kitambaa cha kumtegemeza. Mashabiki wa timu moja walikodi ndege mbili kugombana hewani. Mwaka uliofuata viti vingi vya uwanja wa Emirates vilibaki wazi. Tarehe 20 mwezi wa ine 2018 Wenger akatangaza kwamba anaondoka, ingawa mkataba ulikuwa ungali na mwaka mmoja.

Hapo jambo likageuka. Tarehe 6 mwezi wa tano, mechi yake ya mwisho nyumbani, Arsenal ilipiga Burnley 5 kwa 0, na watu walivaa mipira nyekundu iliyoandikwa "Merci Arsène", neno ambalo kila Mkongomani anaelewa bila mkalimani. Klabu ikamtolea zawadi kikombe cha dhahabu cha msimu ule wa 2004. Tarehe 13, kwenye uwanja wa Huddersfield, mashabiki walisimama na kupiga makofi dakika ya 22, dakika moja kwa kila mwaka. Na ndege ikapita tena juu. Mara hii kitambaa kilimshukuru.

Klopp, Mjerumani, alichagua njia ya tatu. Alifika Liverpool katika mwezi wa kumi 2015. Akaleta Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, na mwaka 2020 ubingwa wa Uingereza ambao Liverpool ilikuwa imengoja miaka 30. Tarehe 26 mwezi wa kwanza 2024, msimu ukiwa katikati, alisema wazi kwamba nguvu zimeanza kumuishia na ataondoka mwisho wa msimu. Mashabiki walipata karibu miezi ine ya kuzoea. Walilia kwanza, wakakasirika kidogo, wakaimba, wakakwenda viwanjani kumwona mara ya mwisho. Tarehe 19 mwezi wa tano, Liverpool ilipiga Wolves 2 kwa 0. Kisha Klopp akashika mikro mbele ya Anfield nzima, na akaanza kuimba jina la Arne Slot, kocha aliyekuwa anakuja, mpaka uwanja mzima ukaimba naye. Mgeni alikuwa hajafika, na jina lake lilikuwa limekwisha kuimbwa na mzee mwenyewe.

Anayelipa ni anayefuata

Siku ya kilio, hakuna anayefikiri mrithi. Lakini njo yeye anayekuta nyumba ingali na maji ya machozi chini.

David Moyes alitangazwa kocha wa Manchester United tarehe 9 mwezi wa tano 2013, siku moja baada ya habari ya Ferguson. Alipewa mkataba wa miaka 6. Jukwaani, mashabiki walitundika kitambaa kikubwa cha kumwita aliyechaguliwa. Kisha matokeo yakaanza kuwa mabaya. Newcastle walishinda Old Trafford mara ya kwanza tangu 1972. Kila mara timu ilipofungwa, kamera za televisheni zilimtafuta Ferguson jukwaani, kuangalia uso wake. Mtu mmoja anafanya kazi, na mwingine anaonyeshwa. Tarehe 29 mwezi wa tatu 2014, ndege ilipita juu ya Old Trafford na kitambaa cha kusema kwamba aliyechaguliwa siye, aende. Wengi waliokuwa uwanjani waliizomea ile ndege. Walikuwa wamesikia maneno ya mzee. Lakini tarehe 22 mwezi wa ine Moyes alifukuzwa, hata mwaka mmoja haujaisha. Timu ilimaliza ya 7.

Baada yake wamekuja van Gaal, Mourinho, Solskjær, Rangnick, ten Hag na Amorim. Mpaka mwisho wa msimu wa 2024-2025, ambapo United ilimaliza ya 15, hakuna aliyerudisha ubingwa. Kila mmoja alipimwa na kivuli kile kile. Arsenal nayo ilimfukuza mrithi wa Wenger, Unai Emery, tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 2019, mwaka mmoja na nusu tu baada ya kumpa kazi.

Si kosa la machozi peke yake. Kikosi alichoacha Ferguson kilikuwa na wachezaji wengi waliozeeka, na David Gill, aliyesimamia mambo ya usimamizi wa klabu, aliondoka kiangazi kile kile. Huwezi kutoa nguzo mbili za nyumba siku moja na kushangaa mabati yanapopinda.

Upande mwingine, kuna warithi waliofaulu. Shankly alifuatwa na Bob Paisley, msaidizi wake, mtu mpole aliyekuwa ndani ya klabu tangu zamani. Msimu wa kwanza Paisley hakuleta ubingwa. Walimvumilia. Kufika 1983, alikuwa amechukua ubingwa wa Uingereza mara 6 na Kombe la Mabingwa la Ulaya mara 3, kuliko Shankly mwenyewe. Na Arne Slot, yule aliyeimbiwa mbele ya kufika, alichukua ubingwa katika msimu wake wa kwanza, tarehe 27 mwezi wa ine 2025. Alipokea kikosi kizuri, ni kweli. Lakini alipokea pia jukwaa ambalo lilikuwa limekwisha kumaliza kilio chake.

Mzee naye anaumia

Mashabiki wanafikiri wao tu wanaachwa. Kocha naye anaamka asubuhi na hana mahali pa kwenda.

Shankly aliendelea kufika kwenye kiwanja cha mazoezi cha Liverpool, Melwood. Wachezaji waliendelea kumwita Bosi, na Paisley alikuwa amesimama pale pale. Hali ikawa nzito, mpaka klabu ikamuomba asije tena namna ile. Mtu aliyejenga Liverpool akawa anapokelewa vizuri zaidi kwa majirani, Everton, wapinzani wa mji mmoja. Alikufa tarehe 29 mwezi wa tisa 1981. Mwaka uliofuata, Liverpool ilisimika milango ya chuma yenye jina lake. Mashabiki wengi wa kule wanaona bado uchungu kwamba heshima ile kubwa haikuja akiwa hai. Huku kwetu tunalijua jambo hili: mtu anakosa kiti akiwa hai, na siku ya kuzikwa anapewa hotuba saba.

Manchester walifanya vingine. Jukwaa la kaskazini la Old Trafford lilipewa jina la Ferguson mwaka 2011, na sanamu yake ilisimamishwa mwezi wa kumi na moja 2012, yeye akiwa angali kazini. Alipopatwa na kutokwa damu kwenye ubongo na kupasuliwa tarehe 5 mwezi wa tano 2018, salamu zilitoka hata kwa timu zilizomchukia. Kesho yake ilikuwa ile mechi ya mwisho ya Wenger nyumbani. Wenger alishika mikro mbele ya watu waliokuja kumuaga yeye, na neno lake la kwanza lilikuwa kumtakia afya rafiki yake Alex Ferguson. Walikuwa wamegombana karibu miaka ishirini. Mzee mmoja anaaga, mwingine yuko hospitali, na uwanja mzima ukapiga makofi kwa wote wawili.

Je, ni haya kumlilia kocha wa ng'ambo?

Hili ni swali linalorudi kila mara: katika inchi ambayo watu wanakufa kwa vita, je, mtu mzima anaweza kulia juu ya Mzungu tajiri anayeenda kupumzika? Wengine wanaona ni matusi kwa wafu wetu.

Tuseme hivi. Machozi ya kabumbu hayachukui nafasi ya machozi mengine. Mtu aliyezika ndugu na hakulia, juu alikuwa anakimbia na watoto mgongoni, anaweza kushangaa kuona machozi yanatoka mbele ya televisheni siku mzee wa Manchester anaaga. Hakuna mtu anayejua vizuri machozi yale ni ya nani. Nyumba ya video ni moja kati ya mahali pachache ambapo vijana wa kila kabila wanakaa kwenye benchi moja, wanalipa bei moja, na wanaumia juu ya jambo moja. Si kitu cha kucheka.

Lakini kuna mpaka. Huzuni ikigeuka kupigana barabarani kati ya wa Arsenal na wa Manchester, ama mtu akiweka pesa ya chakula cha watoto kwenye kubeti kwa hasira kwamba kocha mpya lazima apoteze, hapo tumeacha kabumbu. Na matusi kwa mrithi hayajawahi kumrudisha mzee.

Kwetu makocha hawakai

Katika Congo, mashabiki hawapati mara nyingi nafasi ya kumlilia kocha aliyekaa miaka ishirini, juu makocha hawaachiwi muda. Mwaka 2010, Lamine N'Diaye wa Senegali aliongoza TP Mazembe ya Lubumbashi mpaka fainali ya Kombe la Dunia la klabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Inter ya Italia ilishinda 3 kwa 0, lakini bara zima lilijua jina la Mazembe. Florent Ibenge aliifikisha Vita Club ya Kinshasa kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2014, na Leopards kwenye nafasi ya tatu ya CAN 2015. Mwaka 2021 alienda Berkane, Moroko. Yeye hakuenda retreti. Alienda kazi ingine, na hapo huzuni ya shabiki inakuwa na uchungu wa aina ingine: unamwona kwenye benchi ya wengine, anashinda.

Wako lakini makocha wetu waliokaa miaka mingi, na hawaandikwi popote. Ni wale wa timu za mtaa. Mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha watoto kabumbu saa kumi baada ya masomo. Mzee aliyenunua mpira kwa pesa yake, anayeushona unapopasuka, anayejua ni mtoto gani hakukula na anamwambia asikimbie sana leo. Yeye naye siku moja magoti yanakataa. Anaacha kuja kiwanjani, na kijana mwingine anachukua filimbi. Hakuna mikro, hakuna kitambaa, hakuna dakika ya makofi.

Yale tuliyoyaona kwa Waingereza yanaweza kutusaidia hapa, wala hayaombi pesa nyingi. Kocha wa mtaa wenu akisema amechoka, mumuombe amalize kwa siku inayojulikana. Mupange mechi moja kati ya wachezaji wake wa zamani na wa sasa. Mumpe nafasi ya kusema mbele ya watoto na wazazi. Mumuombe yeye mwenyewe amshike mkono yule anayemfuata, mbele ya wote, na akabidhi filimbi. Kisha mumwachie kijana yule walau msimu mmoja bila kumwambia kila jioni namna mzee alivyokuwa anafanya. Na mzee mumwekee kiti pembeni ya kiwanja, akija aangalie, asikae nyumbani kama mtu aliyefukuzwa.